Ilyasi Ajitafutia Nafasi Pichani

Siku ya harusi ya fundi Ilyasi zilipigwa picha thelathini na sita, na yeye alikuwemo katika thelathini na tano. Filamu ikaingia mwanga, zikaungua zote, ikasalimika moja. Mmeshajua ni ipi.

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwake Busanza: Mukasine amevaa gauni jeupe, na kando yake, kifua mbele, tai imenyooka, amesimama Vitalis. Vitalis, Mtanzania muuza vitambaa, ndiye aliyemsimamia bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe dakika ile alikuwa kule nyuma, mlangoni mwa stoo ya ukumbi, sindano mkononi, kwa sababu gauni la shangazi wa bibi harusi lilikuwa limefumuka mgongoni, na aliyelishona ni yeye. Ungefanyaje wewe? Kazi yako inafumuka mbele ya wakwe, halafu ukae ule pilau?

Basi kwa miaka ishirini na tano kila mgeni aliyeingia alitazama ukutani akatabasamu. "Eeh, fundi, kumbe ulikuwa kijana mtanashati!" Ilyasi anajibu, "Huyo si mimi." Mgeni anakohoa, anaomba maji ya kunywa. Kuna jamaa mmoja aliyekuja kutengeneza bomba, akampa Mukasine pole kabisa, akidhani huyo pichani ni mume wake wa kwanza aliyefariki.

Lakini kilichomuuma Ilyasi hasa hakikuwa Vitalis. Yalikuwa macho ya Mukasine. Pichani hatazami kamera, wala hamtazami Vitalis. Ametupa macho pembeni kabisa, mdomo ameubana. Ilyasi alikuwa na hakika kwamba amenuna. Siku ya kwanza ya ndoa, bibi harusi kaachwa peke yake, kanuna, na ushahidi umetundikwa ukutani kila mtu auone. Hakuwahi kumuuliza. Aliogopa jibu, huo ndio ukweli.

Sasa mwaka huu binti yao Gaju akatangaza kwamba Jumapili kutakuwa na karamu ya miaka ishirini na tano ya ndoa, na ile picha itachapishwa upya, kubwa kama mlango wa kabati, iwekwe mbele ya watu wote. Ilyasi alihisi homa. Kubwa kama mlango! Na Vitalis mwenyewe kaalikwa!

"Nitaingia humo," akaapa. "Nitajiingiza kwa mikono yangu mwenyewe."

Studio za picha hakutaka hata kuzisikia. Duka lake la ushonaji liko Muhima, na zile studio ziko mlango wa tatu kutoka kwake. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ungekuwa unacheka. Nyumbani ilikuwepo kompyuta ya zamani ya Gaju, ambayo Ilyasi alikuwa akiifungua kutazama mpira tu. Akamwambia Mukasine anaitoa picha kwenye fremu ili kioo kisafishwe, akaipeleka kwa mtu wa fotokopi aiskani, akarudi nayo kwenye flashi. Kilichobaki ni kupata programu ya kuitengenezea.

Ya kwanza aliletewa na jirani yake Mwita, Mkenya wa ofisi ya matangazo. "Fundi, hii ndiyo ya mabingwa," Mwita akasema. Ikafunguka, jamani, ina vitufe vingi kuliko kopo la vifungo la fundi cherehani. Ilyasi akabonyeza kimoja, picha ikapotea. Akabonyeza kingine, ikarudi, miguu juu.

"Shikilia hiki, bonyeza kile, halafu uburute huku," Mwita akamwelekeza.

"Mwita, mimi nina mikono miwili."

"Utaizoea, fundi. Miezi mitatu tu."

"Karamu ni Jumapili!"

Ya pili aliipata mwenyewe mtandaoni. Ilijisifu kuwa ni ya wasiojua kitu, ina kitufe kimoja kikubwa: Pendezesha. Akakibonyeza kwa bismillahi. Ngozi ya Vitalis ikalainika, meno yakang'aa, taya likachongoka. "Yewe!" Ilyasi akapiga ukelele. "Amezidi kuwa mzuri!" Na kabla hajafanya lolote mtandao ukakatika, programu ikaganda, Vitalis akabaki kwenye kioo anamchekea. Ilyasi akaifuta kwa hasira zote alizonazo.

Hapo akakaa chini akafikiri kama fundi. Yeye akinunua cherehani haulizi inadarizi maua ya aina ngapi. Anauliza mambo matatu. Naweza kuitia uzi mwenyewe bila kumwita mtu? Inafanya kazi hapa hapa nyumbani, bila kutegemea mtandao wa mtu? Na nikikosea, itaniharibia kitambaa?

Kwa maswali hayo akaipata ya tatu. Haikuwa na makuu: vitufe vitano vinene vyenye majina yanayosomeka, Kata, Zungusha, Mwanga, Rangi, Futa. Haikutaka barua pepe yake wala mtandao. Ilifanyia kazi nakala, picha ya asili ikabaki salama. Na pembeni juu palikuwa na mshale mdogo unaorudi nyuma. Ilyasi akajaribu: akamkata Vitalis kichwa. Akabonyeza mshale. Kichwa kikarudi.

Mtu huyu ameshika mkasi miaka thelathini, na anajua kitambaa kikishakatwa kimekatwa, huwezi kukibembeleza. Akakata tena. Akarudisha. Akamkata Vitalis miguu, mikono, ile tai, akarudisha, akakata, akarudisha, akicheka mpaka machozi. "Mkasi unaosamehe! Wallahi, mkasi unaosamehe!"

"Baba Gaju, uko na nani humo?" Mukasine akauliza kutoka jikoni.

"Niko peke yangu!"

"Sasa unacheka na nani?"

Alikuwa ameanza kumkata Vitalis masikio.

Ijumaa baada ya swala akaingia kazini kwelikweli. Akavaa suti, akajipiga picha na simu, akajikata, akajibandika kando ya bibi harusi. Sasa, fundi cherehani yeyote akikata huacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Mkono umezoea, hauulizi. Kwa hiyo Ilyasi aliingia harusini kwake akiwa amezungukwa na ukanda wa ukuta wa Busanza, na nusu ya swichi ya taa imening'inia sikioni. Halafu kile kipara. Kando ya msichana wa miaka ishirini na mbili alionekana baba wa bibi harusi. Ukiangalia vizuri, alionekana hata baba wa Vitalis.

Akabonyeza mshale, akajiondoa. Furaha yote ikamwishia miguuni. Kumbe hata mkasi unaosamehe haukumpa nafasi. Keshokutwa picha itasimama vile vile mbele ya watu, Vitalis anang'aa, Mukasine amenuna.

Alipotaka kuifunga, programu ikamuuliza kwa adabu: kingo za picha zimechakaa, zipunguzwe? Akabonyeza ndiyo bila kufikiri, nayo ikakata pande zote, kavu, bila kubakiza hata uzi. Mkono wa Ilyasi ukaruka. "Weee! Na kidole cha mshono kiko wapi?" Akabonyeza mshale. Kingo zikarudi.

Ndipo akauona. Upande wa kushoto palikuwa na ukanda mwembamba ambao mbao ya fremu iliufunika miaka yote ile. Ulikuwa mweusi tii. Akashika kitufe cha Mwanga, akakisogeza pole pole. Pakatokea mlango. Akasogeza. Pakatokea mgongo mpana wa mama mmoja, gauni limeachana. Akasogeza tena. Nyuma ya mgongo ule kulikuwa na kijana ameinama, mikono ya shati imekunjwa, uzi uko mdomoni.

"Nywele!" Ilyasi akapiga kelele. "Nilikuwa na nywele!"

Kisha akaweka kidole kwenye kioo, kwenye macho ya Mukasine, akakiburuta kufuata yanakotazama. Kidole kikavuka picha yote, moja kwa moja, kikaishia mlangoni mwa stoo.

"Mama Gaju! Njoo! Njoo upesi!"

Mukasine akaja mbio, mikono ina unga, akidhani kuna mtu kaungua.

"Ulikuwa unanitazama mimi," Ilyasi akasema.

"Sasa ulitaka nimtazame nani?"

"Nilidhani umenuna."

"Ninune? Nilikuwa nabana kicheko! Shangazi anakutukana kila ukichoma sindano, na wewe unamwambia, samahani mama, vuta pumzi ndani. Nikasema moyoni, huyu ndiye mume. Huyu hataacha kitu changu kifumuke."

"Miaka ishirini na tano hukuniambia!"

"Miaka ishirini na tano wewe unaongea Vitalis, Vitalis, Vitalis. Ningepata nafasi saa ngapi?"

Ilyasi akalia, akacheka, akamshika mikono ile ile yenye unga, suti ikachafuka yote.

Jumamosi mchapishaji alitaka kupunguza kingo ili picha ikae vizuri kwenye fremu. Ilyasi alisimama juu yake mpaka kazi ikaisha. Jumapili picha ilisimama ukumbini, kubwa kama mlango, Vitalis katikati kama kawaida, na Vitalis mwenyewe, sasa mwenye kitambi, akijipiga nayo selfi. Mgeni mmoja wa Gaju akaisogelea, akanyoosha kidole kwenye ile tai. "Huyu ndiye mzee?"

Ilyasi alifika kabla mtu hajajibu. Akaushika mkono wa mgeni, akausogeza hadi pembeni kabisa, mlangoni mwa stoo. "Huyu," akasema. "Mwenye nywele."

Upande wa pili wa ukumbi Mukasine alisimama na sahani yake ya pilau. Alikuwa anamtazama, mdomo ameubana.