Nimekaa Eda, Kompyuta Haiwaki

Nilikuwa kwenye eda, mwezi wa pili. Kwetu Kilosa mjane hatoki. Hata uani nilikuwa nakwenda kwa haja tu, nimejitanda mpaka machoni. Mlangoni alikaa wifi yangu, dada wa marehemu, aliyetoka Masanze kuja kunitunza. Na alinitunza kweli, maana mwanaume akipiga hodi anajibiwa huko huko barazani.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne. Nimesoma masomo ya jioni miaka minne, nikitoka sokoni. Mwalimu alishanivumilia. Alisema anafunga saa kumi, na kwangu kilichobaki ni nakala ya cheti cha kuzaliwa tu. Cheti chenyewe kilikwenda na mafuriko, pamoja na kabati. Nakala ilikuwa ndani ya kompyuta ya mume wangu, na tangu afariki hakuna aliyeiwasha.

Nilipomaliza kuswali adhuhuri nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena, nikasoma dua, nikabonyeza. Hata taa haikuwaka.

Nikachukua simu nimpigie fundi wa kompyuta wa marehemu, yuko Mikumi. Wifi akanisikia.

"Wifi, eda gani hii ya kupigiana simu na wanaume?"

Nikamwambia ni fundi.

"Na huyo fundi ni mwanamke?"

Nikamjibu kwamba dini haijakataza mtu kusema penye haja, na kama hajaridhika ashike simu yeye. Akaishika. Basi fundi akawa anamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, na sauti ya fundi nilikuwa naisikia vizuri tu.

Aliuliza kama soketi ina umeme. Nikachomeka feni, ikazunguka. Akasema nichukue waya wa umeme wa kioo niuchomeke kwenye mashine. Vile vile. Hapo wifi akapunguza sauti. Siku ya msiba, walipotoa vyombo sebuleni ili watandike mikeka, yeye ndiye aliyeibeba ile mashine kuipeleka chumbani.

"Nisije nikawa nimeiua mimi," akasema.

Saa nane ilishapita. Fundi akauliza kama kule nyuma, juu ya waya, kuna swichi ndogo yenye mstari na duara. Nikaingia chini ya meza na gauni langu la eda, kichwa kimebanwa na ukuta, vumbi puani. Swichi ilikuwepo, imelala upande wa duara.

"Anasema bonyeza upande wa mstari," wifi akasema.

Mashine ikavuma.

Wifi akauliza nani aliizima, maana yeye alichomoa waya tu. Mimi nilijua. Mume wangu akiona wingu alikuwa anaizima huko nyuma, kwa kuogopa radi. Asubuhi ile anakwenda shamba Mvumi kulikuwa na wingu. Jioni wakamrudisha ameshafariki. Nilikaa kule chini mpaka wifi akaja kunivuta kanga.

Cheti tulikipata, nikakiweka kwenye flashi. Nikabaki nayo mkononi. Wifi huyu ndiye aliyeniambia wiki ile ile kwamba mjane anasoma apate nini.

"Lete," akasema. "Unaniangalia nini, saa zinakwenda."

Akatoka mbio, mlango akauacha wazi. Ilikuwa mara ya kwanza pale mlangoni kutokuwa na mtu. Nikasimama nyuma ya kizingiti naitazama barabara, shule iko mwendo wa dakika kumi. Miguu ilitaka. Nikarudisha mlango, nikaenda kutandika mswala.

Alirudi anahema, kanga imemshuka begani.

"Kapokea. Jina lako nimeliona kwa macho yangu."

Jioni wingu likapanda upande wa Mikumi. Nikaifunga kompyuta, nikaingia tena chini ya meza, nikairudisha swichi kwenye duara. Eda ilikuwa imebaki siku sabini na mbili.