Kushika Sikio

Watu wa ukweni hawakunitisha walipokuwa wakifoka. Nilianza kuwaogopa siku walipokuja Iringa wakiwa wapole.

Walikuja wawili: mwanamume niliyeachana naye, na baba yake, mzee mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita akaweka zizi katika bonde la Usangu, nje kidogo ya Chimala. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu Iringa na mtoto wetu wa kiume na cherehani yangu. Nilipanga chumba na fremu ya duka, nikawa nashona sare za shule na kufuma masweta. Ugomvi wa ndoa sitausimulia, ulikuwa wa kawaida na ulikuwa umekwisha. Lililobaki lilikuwa moja tu, mtoto akae na nani.

Tulikaa kwenye baraza la usuluhishi, katika chumba cha nyuma cha usharika wetu, tukapewa chai ya maziwa. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya kubembeleza.

"Hapa hatuhukumu mtu," alisema. "Tunazisaidia familia mbili zielewane. Mtakachokubaliana ndicho kitakachosimama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maneno yamenijaa hadi kooni. Sikupata pa kuyatumia. Mtoto asome Iringa? Sawa. Likizo aende Chimala? Sawa. Yule mwanamume, ambaye tulipoishi pamoja hakuwahi kukubali hata chumvi niliyotia kwenye mboga, siku hiyo aliitikia kwa kichwa kila nilipofungua mdomo.

Mwenyekiti akasema mtoto bado mdogo, na hata sheria huona vema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Mzee akatabasamu.

"Mimi miaka sihesabu, mama. Sisi tunaangalia mkono. Mtoto akipitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio la upande ule mwingine, huyo amekomaa, anakuja kwa baba yake kujifunza ng'ombe. Kama hajashika, bado wa mama yake."

Watu wakacheka. Baba yangu mzazi, Mhehe mkulima wa mahindi, ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipiga goti.

"Hata mimi shule walinipokea hivyohivyo! Mwalimu alinipima sikio! Haya mkwe, iwe hivyo."

Akanyoosha mkono, mzee akaupokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilikuwa bado nacheka. Kisha nikaona kwamba mzee ameacha kucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya mwanangu, aliyekaa karibu na mlango akila andazi. Ilikuwa mirefu, mikono ya baba yake kabisa.

"Baba, umefanya nini?" nilimuuliza tulipotoka nje.

"Aa, mwanangu, ule ni utani wa wazee tu."

Utani gani wa kupeana mikono mbele ya mashahidi? Huku kwetu hata mahari hukubaliwa hivyohivyo, wazee wakicheka. Nilimkasirikia baba yangu hadi nikakataa kula kwake.

Likizo ya kwanza mtoto alirudi kutoka Chimala akinuka moshi wa zizini, uso unang'aa.

"Mama, babu ana ndama wangu! Mwekundu, ana doa jeupe hapa usoni. Ila bado hajanipa. Amesema nitampata nikishika sikio."

Nilikuwa nakata kitambaa. Mkasi ukaenda kombo, sare ya mtu ikaharibika.

Tangu hapo nyumba yangu haikuwa na amani. Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, mkono ulipita juu ya kichwa. Akingoja uji, mkono juu ya kichwa. Nilimkuta mbele ya kioo cha wateja akijivuta, ulimi nje, vidole vikitambaa kwenye nywele kumtafuta adui yangu. Mwanzoni viliishia utosini. Baadaye vikaanza kuteremka. Kazi yangu ni kupima mikono ya watoto wa watu, na nakwambia sijawahi kuuogopa mkono kama ule.

Sikumwambia maana yake. Ningeanzaje? Ningekuwa nimemtaka achague kati yangu na ndama, na sikuwa na hakika kwamba ningeshinda.

Baba yake naye akaanza kunitumia picha za ndama kwenye simu. Picha tupu, bila salamu. Ndama kasimama. Ndama ananyonya. Ndama ameanza kunenepa shingo. Angeniandikia hata tusi ningejua pa kumshika, lakini utamjibu nini mtu aliyekutumia ndama? Nilizitazama usiku kucha kama mgonjwa anayetazama uvimbe wake.

Mtoto naye alikuwa na shughuli zake. Alihamisha magunia ya mkaa nyuma ya jiko, akafagia, akatandaza majani makavu. Nilimgombeza kwa uchafu. Aliendelea kufagia, nikamwacha, nikadhani ni michezo.

Halafu mzee akapiga simu. Sauti ya upole ileile. "Mkamwana, nasikia mtoto anakua vizuri. Tukae tena."

Hapo nilifanya jambo ambalo silijutii hata leo. Nilimfumia mwanangu sweta jipya, zito, la kijani. Mwilini lilimkaa vizuri. Kwapani nililibana, nikapitisha mshono wa pili kwa ndani, hadi mkono ukifika usawa wa bega unagoma. Nilimjaribisha fremuni. Akainua, ukakwama.

"Mama, linabana."

"Litaachia ukilizoea," nilimwambia, na nikambusu kichwani.

Siku ya kikao upepo wa Julai ulikuwa unapiga mabati ya usharika. Watu walikuwa walewale, na chai ileile. Baba yangu hakucheka safari hii, alikaa akitazama viatu vyake. Yule mwanamume alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za biashara. Mwenyekiti alisema angependa kwanza tuzungumze kuhusu shule. Mzee akamsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akamwita mjukuu wake katikati ya chumba.

"Haya, baba. Tuoneshe."

Mtoto akainua mkono. Ukafika begani, ukasimama. Akajivuta, akapinda shingo, akajaribu kwa upande mwingine. Ukagoma.

"Bado," nikasema, nikaanza kuinuka. "Mmeona wenyewe. Bado."

"Ngojeni!" mwanangu akasema. "Ni hili sweta!"

Akalivua. Lilimkwama kichwani, akahangaika nalo, na hakuna mtu aliyemsaidia. Akalitupa miguuni pangu, akasimama na fulana tu katika baridi ile. Mkono ukapanda, ukavuka, ukateremka upande wa pili. Vidole vikaligusa sikio, kisha vikalikamata lote, imara. Akanigeukia mimi, si babu yake, akicheka kwa meno yote.

"Mama, umeona?"

"Nimeona, mwanangu."

"Sasa babu alete ndama! Nimeshamtengenezea pa kulala, Mama, pale nyuma ya jiko. Magunia nimeyatoa yote. Atakaa na sisi."

Mwenyekiti akakitazama kikombe chake. Mzee ndiye aliyejibu, taratibu, kwa upendo kabisa, na sitamsingizia, alimpenda.

"Ndama haondoki zizini, mjukuu wangu. Wewe ndiye unakuja kwake. Utakaa huko na sisi."

"Na Mama?"

Mwanangu akamtazama babu yake, akamtazama baba yake, kisha akalitazama sweta miguuni pangu. Polepole, akaliachia sikio. Akaurudisha mkono utosini, akauacha hapo, akajifanya haufiki.

Lakini wote tulikuwa tumeshaona.