Mtunza Unyevu

Dukani kwetu hakuna anayemwita baba yangu kwa jina lake. Wote wanamwita Pua, na wageni hudhani ni utani wa umbo, maana pua yenyewe, nisiseme uongo, haikunyimwa kitu. Lakini jina alilipata kwa kazi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtunza stoo wa duka la sigara nene, zile za kahawia zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku. Kila asubuhi aliingia stoo, akasimama katikati, akavuta pumzi mara moja, kisha akasema, "Leo kumekauka," au, "Leo maji yamezidi." Baada ya hapo ndipo aligeuka kutazama kipima unyevu kilichotundikwa ukutani, kuona kama nacho kinajua kazi.

Mimi ni binti yake wa pili, na nauza mbele, katika duka hilohilo. Mteja akiniuliza sigara hizi zinatunzwaje nilikuwa nampeleka kwa Baba, na hapo nilijua nusu saa ya mtu imekwenda. Zikikaa pakavu, atamwambia, mafuta yanatoroka, jani la nje linapasuka, na moshi unawasha ulimi. Zikikaa penye maji mengi zinavimba, hazivutiki, zinazimika kila dakika na ladha inakuwa chachu. Lakini ukizipa unyevu wa asilimia sitini na tano hadi sabini, ndani ya sanduku la mwerezi, ukaziacha bila kuzisumbua, ule ukali unaochoma pua mwaka wa kwanza unatulia. Mwaka wa nne au wa tano inaanza kuja harufu ya ngozi na karanga. Huko mbele unakuja utamu mdogo ambao Baba anasema huwezi kuulazimisha, unausubiri tu. Mwenyewe havuti. Daktari alimkataza nikiwa bado shule, naye akatii, akabaki kunusa.

Msimu wa mvua uliopita alipata mafua ya wiki mbili. Yakaisha, akarudi kazini, nikasahau. Jumapili moja mchana nilikuwa nafua uani, nimemwachia maziwa jikoni ayaangalie. Harufu ya kuungua ilinifikia mimi kule nje kwenye karai. Nikakimbia. Sufuria ilikuwa nyeusi, moshi umetanda hadi kwenye dari, na Baba ameketi hatua mbili kutoka kwenye jiko, ameupa moto mgongo, anasoma gazeti.

Nilimfokea. Nilimwambia nyumba ingeteketea yeye akiwa anasoma matangazo ya vifo, na kesho yake tangazo lingekuwa letu. Nilitegemea anijibu, maana Baba hakosi jibu. Badala yake alitazama sufuria, akanitazama mimi, nikaona uso wake umebadilika. Alikuwa ameogopa.

"Sisikii harufu," alisema. "Tangu yale mafua. Hata sabuni siisikii."

Alikuwa amekwenda hospitali kimya kimya, akaambiwa huenda itarudi na huenda isirudi. Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa Mama Duka, mwenye mali, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimdokezea kwamba amefanya kazi sana na sasa ni wakati wa kupumzika. Kwa Baba kupumzika ni neno la msibani. Mama yetu alipofariki ni stoo ile iliyomshika asianguke, na mimi nililiona hilo kwa macho yangu. Kwa hiyo nikaapa. Kosa langu lilianzia hapo, na sitamtupia mtu mwingine.

Kuanzia siku hiyo kazi kwangu iligeuka kuwa mateso. Kila asubuhi Baba alisimama katikati ya stoo vilevile, akavuta pumzi vilevile, akitaka wenzetu wamwone, kisha akatupa jicho la wizi ukutani kabla ya kutoa kauli yake. Mimi niko kaunta, natabasamu na wateja. Kipimo kilikuwa kinasoma chini: hamsini na tisa, sitini. Baba akawa anaongeza maji kwenye trei za sponji zilizo chini ya rafu. Kesho yake sitini na moja, anaongeza tena. Miezi miwili ilikwenda hivyo.

Ndipo Jumatatu moja akaja Fundi Saa, mzee aliyefunga kibanda chake cha kutengeneza saa mwaka huo huo. Miaka kumi na minne iliyopita yeye na kaka yake walinunua sanduku la sigara ishirini na tano. Kaka mtu alitaka kuwasha siku ileile. Baba aliwazuia. Alinusa moja akawaambia hizi bado zinagombana zenyewe kwa zenyewe, waziache zipatane. Wakakubaliana watazifungua siku wote wawili watakapokuwa wamestaafu, na sanduku likabaki stoo kwetu. Kaka alifariki mwaka wa tisa. Fundi Saa aliendelea kuja kila mwaka, analitazama sanduku, haligusi, anaondoka.

Sasa alikuwa anahama. Jumapili angekwenda kuishi kwa binti yake, mbali, katika nyumba ambayo hata kisahani cha majivu hakikanyagi. Akasema atakuja Jumamosi asubuhi, alifungue sanduku hapahapa, avute moja kwa niaba yake na moja kwa niaba ya kaka. Baba alimpa mkono, akamwambia zitakuwa zimeiva.

Alhamisi niliingia stoo kutafuta boksi la viberiti. Nilikuwa sijaingia kwa siku kadhaa, na harufu ikanisimamisha mlangoni. Ilikuwa harufu ya tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Nikamwita Baba, nikamwambia kwa sauti ya chini. Alikasirika. Alinionyesha ukutani, kipimo kinasoma sitini na saba.

"Kipimo hakina mafua," alisema.

Lakini mimi ni yeye aliyenifundisha, nikiwa binti mdogo wa kupanda kwenye kreti, namna ya kukishika uongo kipimo. Unatia chumvi kwenye kizibo cha chupa, unailowesha kidogo mpaka iwe uji mzito. Unaiweka pamoja na kipimo ndani ya chupa ya mdomo mpana, unafunga kabisa, unaacha mpaka kesho. Hewa ya juu ya chumvi hiyo huwa asilimia sabini na tano, haipandi wala haishuki. Kipimo kikisoma namba nyingine, kimeharibika. Nikamuuliza mara ya mwisho alikifanyia lini jambo hilo. Hakukumbuka. Hakuwa amelihitaji, maana kwa miaka yote hiyo pua yake ndiyo iliyokuwa inakipima kipimo. Ilipokufa, akakiamini kitu ambacho hakikuwahi kuaminiwa peke yake.

Tulikifunga alasiri ileile. Usiku ule nililala kwa vipande vipande. Ijumaa asubuhi, kabla wenzetu hawajafika, tukaenda kutazama. Kilisoma sitini na moja.

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akasoma tena. Kilikuwa kinapunguza kumi na nne. Kwa hiyo ile sitini na saba ya jana ilikuwa themanini na moja, na kwa miezi miwili alikuwa akizinywesha sigara ambazo hazikuwa na kiu. Alikaa kwenye kreti, mikono juu ya magoti. Sikuwahi kumwona ameketi ndani ya stoo.

Tukafungua sanduku la Fundi. Ukungu ulikuwa bado haujaingia, hilo nilimshukuru Mungu. Lakini zilikuwa zimevimba, ukizibonyeza zinabonyea, na harufu ilikuwa ileile ya ndoo. Baba alisema zinaweza kupona. Zikaushwe polepole, wiki sita, unyevu ukishuka kidogo kidogo, na ladha ya miaka kumi na minne itarudi mahali pake. Wiki sita. Sisi tulikuwa na siku moja.

Mchana nilimkuta ofisini amezilaza mbili chini ya balbu ya taa ya mezani, anazigeuzageuza. Huyu ndiye mtu aliyeniambia maisha yangu yote kwamba sigara haiharakishwi. Kabla sijasema neno, jani la nje la moja likapasuka kutoka mwisho hadi mwisho, na la pili likafuata. Alizima taa, akazifungia zote mbili kwenye droo, hatukuzitaja tena.

Mimi ndiye niliyetoa shauri. Nikamwambia kesho amwambie Fundi ukweli wa kipimo: kilikosea, maji yakazidi, tunaomba wiki sita. Hayo yote ni kweli. Ya pua ayaache. Akaitika. Nilijua ni nusu ya kweli, lakini nilikuwa naogopa amwage unga akiwa na miaka hamsini na tisa, na zaidi ya unga, niliogopa atakachokuwa akiamka hana stoo ya kwenda.

Jumamosi Fundi Saa alikuja amevaa koti. Mama Duka alikuwa kwenye daftari lake la oda, hatua tatu kutoka kwetu. Baba aliweka sanduku juu ya kaunta, akalifungua, akaeleza yote ya kipimo bila kujitetea. Fundi alibonyeza moja kwa kidole gumba, akaiona inavyobonyea.

"Kipimo hukosea," alisema taratibu. "Nimetengeneza mashine za watu miaka arobaini, hilo huna haja ya kuniambia. Lakini wewe unaingia humo kila siku. Pua yako ilikuwa wapi?"

Baba alishika ukingo wa sanduku. Mama Duka aliacha kuandika, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema kabla sijaupa ruhusa.

"Ni mimi, Fundi. Baba alikuwa anaumwa, mimi nikawa naongeza maji. Sikumwambia."

Uongo ulitoka bila kukwama popote, nikajishangaa. Fundi akanigeukia, na macho yake hayakuwa mazuri. Baba naye alinitazama. Kisha akachukua sigara moja, akaipitisha chini ya pua yake polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Nikadhani ameupokea msaada wangu, nikashusha pumzi. Akanipa ile sigara mkononi.

"Nusa, mwanangu," alisema. "Umwambie Fundi inanukaje. Mimi sijasikia harufu ya kitu chochote tangu mvua."

Nilinusa, kwa sababu alikuwa ameniagiza. Niliipata ile ndoo. Nikanusa tena, zaidi, nikifumba macho.

"Inanuka tambara bichi," nikasema. "Lakini kwa ndani kuna kitu kingine. Kuna utamu, mdogo. Kama mbao na asali."

"Upo?" Baba aliuliza.

"Upo, Baba."

Aliinamisha kichwa mara kadhaa kukubali, akatazama pembeni. Fundi Saa hakufurahi, na sioni kwa nini angefurahi. Alisema kaka yake alimwamini mtu huyu, kwamba lau angeambiwa mwezi ule wa kwanza, sigara zingenusurika na yeye leo angekuwa anavuta. Baba alisema ni kweli. Fundi akafunga kifuniko mwenyewe. Akasema tuzikaushe, mpwa wake atakuja kuzichukua, sijui atazifanyia nini. Akaniaga mimi kwa mkono. Mkono wa Baba nao ulikuwa umenyooshwa, na mpaka leo sijui kama hakuuona au aliuona.

Mama Duka alisubiri mlango ufungwe. Hakufoka. Angefoka ningepumua, maana mtu akifoka unaweza kumwomba. Alinyoosha kiganja tu, na Baba akaelewa, akafungua ufunguo wa stoo kutoka kwenye mkanda wake. Ilimchukua muda, kipete cha ufunguo kilikuwa kimekaa pale miaka. Mama Duka aliupokea, akageuka, akauweka mkononi mwangu. Kuanzia Jumatatu, alisema, mimi ndiye mtunza stoo, na mzee atakaa mbele na wateja. Kisha akarudi kwenye daftari lake.

Ufunguo ulikuwa bado na joto la mwili wa Baba. Nilitaka kuukataa, naye akaniona, akanikatia jicho lile la utotoni la kuninyamazisha. Tulirudi nyumbani pamoja. Alikula, akasifu mboga, ingawa najua hakusikia ladha yoyote.

Jumatatu nilifungua stoo mapema. Nilimwaga maji ya trei mbili, nikabakiza moja, nikaanza kuzigeuza sigara za Fundi moja moja kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nimefika ya tisa au ya kumi niliposikia kidole kinagonga ubao wa mlango. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi," Baba alisema.

Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, anasubiri. Niliirudisha sigara sandukuni kwanza. Akapiga hodi mara ya pili.