Eda za Mama

Mama alikaa eda ya baba mara moja kwa mujibu wa sheria, na mara nyingine kadhaa kwa sababu yangu.

Ile ya kwanza aliikaa sawasawa, katika nyumba yetu ya Ujiji: miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumponyoka, lakini hesabu ya siku aliishika. Ilipokwisha alioga, akajifukiza udi, na dada yangu, anayeishi naye, akanipigia simu kwamba mama amemaliza salama. Mwaka uliofuata alikuwa ameusahau msiba wenyewe.

Mimi nafundisha Dar es Salaam. Kazi yangu ni kulinganisha miswada ya kale na kusahihisha makosa ya wanakili, na katika likizo ya mwaka jana nilikwenda nayo nyumbani. Nilimkuta mama ameketi mkekani. Aliitikia shikamoo yangu kama anavyoitikia ya mpita njia, kisha akauliza, "Mwenye nyumba mbona harudi?"

Nikamjibu kwamba baba alifariki, Mungu amrehemu, na kwamba tulimzika.

Alipiga ukelele, akaninyanyulia uso. "Mwanangu! Umekuja, mwanangu!" Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Halafu akavua bangili, akatoa vipuli masikioni, akamwagiza dada alete nguo nyeupe na afunge dirisha la mbele.

Hapo nikaongeza kosa la pili. Nilimweleza, kwa utaratibu, kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ya kupata habari, na kwamba yake ilikwisha zamani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimefiwa leo."

Kufikia alasiri alikuwa amesahau sababu, ila kilio kilikuwa bado kimo. Akatuuliza ni nani aliyekufa. Nikamwambia tena. Katika juma moja nilimfanya mama yangu mjane mara nne.

Siku moja kabla sijaondoka, dada alikuwa uani akitoa magamba ya migebuka. "Wewe msomi," akasema bila kuinua kichwa, "kesho unapanda gari lako. Mimi naachiwa kizuka wa eda."

"Unataka nimdanganye mama?"

"Mdanganye! Baba mwenyewe, kila akienda kununua dagaa, alimwambia anarudi kesho kutwa. Akakaa huko Kagunga wiki nzima. Na ndoa ilisimama."

Jibu la hoja hiyo nililitafuta mwaka mzima.

Mwezi uliopita nilirudi. Mama alikuwa akichambua mchele katika ungo, amekonda, bangili zimemshuka hadi vifundoni mwa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenye nyumba hajarudi?"

"Amekwenda Kagunga, mama. Kununua dagaa."

Uso wake ukakunjuka. "Ziwa limetulia?"

"Limetulia."

"Amesema anarudi lini?"

"Kesho kutwa."

Akacheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia kwa miaka. "Yule akikwambia kesho kutwa, wewe hesabu wiki!" Kisha akazitazama ndevu zangu zenye mvi, akauvuta mtandio ukafunika kichwa chote. "Na wewe, shemeji, ndiye mgeni wake?"

"Mama, mimi ni mwanao."

"Acha masihara, mtu mzima. Mwanangu yuko madrasa, atatoka adhuhuri. Anajua kusoma huyo! Utamwona."

Nimepitia hoja nyingi za watu wenye akili timamu zilizokuwa na nyufa kubwa kuliko hiyo. Ikiwa baba yu hai na yuko safarini, basi mimi ni mtoto wa miaka minane, na huyu mwenye mvi aliyesimama chumbani ni mwanamume asiye maharimu wake.

"Usinione mchoyo wa makaribisho," akaendelea kwa upole. "Ila mume wangu hayupo, na kukaa kwako humu ndani hakufai. Kaa barazani, shemeji. Chai itakuja."

Dada alikuwa mlangoni. Alifungua kinywa, nikamtikisia kichwa. Nilijua kwamba sentensi moja tu, fupi na ya kweli, ingenirudishia lile jina la "mwanangu" na ile mikono miwili. Nilijua pia ingempokonya nini. Nakiri kwamba nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyompasa mgeni, hata mama akaanza kumtazama dada kwa wasiwasi.

Nikavaa viatu, nikatoka, nikaketi barazani nikiuelekea mtaa. Nyuma yangu nilisikia akimhimiza dada apalilie moto, maana rafiki wa mume hakawizwi. Baadaye akaja dirishani, akasimama upande asikoonekana.

"Shemeji, sukari unatumia?"

"Natumia, shemeji," nikamjibu mama yangu.