Sauti ya Marehemu na Mwenye Kilio

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tukiwa matangani hapa Shauri Moyo, nami kijana mwenye kalamu moto kuliko akili. Jirani yetu Mzee Wekesa alikuwa amefariki. Ndugu yake alikuja na kaseti ya marehemu, maana zamani watu walijirekodi wakatuma salamu nyumbani, akaiweka kwenye redio. Mzee akaanza kutusalimu. Watu waliangua kilio.

Kesho yake niliandika makala ya kukemea mashine zinazofufua wafu, nikaisoma mbele ya waombolezaji. Nilipigiwa makofi hasa. Wazee wakaamua kaseti ichomwe. Kalamu nayo, kama ulimi, haina mfupa.

Mjane, Mama Nekesa, muuza mitumba wa soko la Gikomba, aliniita kando.

"Kijana, umesoma vizuri. Lakini uliniuliza? Hiyo sauti mimi naipenda. Kitu iliniuma ni vile waliicheza kwa watu kabla mimi sijaisikia. Sasa unataka nimpoteze mara mbili?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilirudi kwa wazee nikawaeleza maneno yake vile vile, bila madoido. Wakamkabidhi kaseti yake. Sijawahi kutoa hoja yenye nguvu kuliko ile, na wala haikuwa yangu. Namshukuru mama yule mpaka leo.

Ndiyo maana makala yako, mwanangu, nimeisoma mara mbili. Umewaka kwa sababu kompyuta ilitunga sauti ya marehemu Baba Shiro, ikawaaga waombolezaji kule mtaa wa Pipeline. Una haki ya kukasirika. Kaseti ya Mzee Wekesa ilibeba maneno yake mwenyewe. Sauti hii ya juzi imemlisha marehemu maneno ambayo hakuyasema. Hoja yako iko hapo. Lakini umeifukia chini ya "ushetani" na "mwisho wa dunia", na aliyefarijiwa na sauti ile hatafika aya ya pili.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nenda kwanza kwa Mama Shiro, mjane wa marehemu, unywe chai, umsikilize. Ukiandika, anza na kilichomfariji, ukikiri bila kejeli, ndipo uonyeshe mahali mpaka ulipovukwa. Na akikwambia umekosea, futa, hata kama sentensi ni tamu.

Mungu aibariki kalamu yako, akupe na masikio. Na siku yako ya kulia itakapofika, akujalie jirani atakayekuuliza kwanza.