Makofi ya bure kwa Mama Keji

Leo nimeona ukumbi mzima ukimpigia makofi mwanamke aliyekuwa analalamika.

Ni hapa Thongpiny, mtaa wa Juba, kwenye hoteli ninakoshughulikia vipaza sauti. Wageni wenye suti, wengi wao Wakenya, walikuwa wanazindua programu ya simu ya kuwainua mafundi cherehani wa Juba. Wakamwita Mama Keji, fundi kutoka Hai Jalaba, aeleze ilivyomsaidia.

Nikamshikia maikrofoni. Akasema kwa Kiarabu cha Juba, ambacho mimi nakielewa: "Simu yangu ni ya kupiga tu. Hiyo programu sijawahi kuiona."

Mkalimani wao, kwa Kiingereza, bila hata kupepesa macho: "Anasema anashukuru sana."

Makofi!

Mama akaninong'oneza, "Kwani wanashangilia nini?"

Nikamwambia alivyotafsiriwa. Akaninyang'anya maikrofoni, akapaza sauti kwa Kiswahili alichojifunza Uganda: "Mimi iko na simu ya kupiga tu! Hiyo kitu yenu mimi hapana jua!"

Wakenya waliojaa mle ndani walielewa kila neno. Wote wakainamia simu zao. Mkubwa wao akatabasamu: "Ni changamoto ndogo ya mtandao." Kisha akatangaza chai.

Changamoto ya mtandao! Watu wazima, na digrii zao.

Jioni hii wameweka picha ya Mama kwenye ukurasa wao: "Maisha yake yamebadilika." Nikaandika pale chini maneno aliyoyasema. Wameyafuta.

Haya, nimeyaandika hapa kwangu. Sambazeni, tuone watafuta mangapi.