Chujio Nililolipasua la Pikapu ya Mabawe

Niliondoka Biharamulo Jumamosi asubuhi nikiwa nimenuna. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, na simu niliyopigiwa Alhamisi ilinigusa pabaya. Bibi Skolastika, mwenyekiti wa kikundi cha machela huko Mabawe, wilayani Ngara, aliniambia wanataka kuuza pikapu yao, ile ninayoitengeneza mimi.

"Moshi wake unatumaliza," alisema. "Jumapili baada ya misa tunaamua. Kama ina utetezi, njoo uitetee."

Nimechoka kusikia dizeli ikisemwa vibaya na watu wanaokula chakula kilicholetwa na lori. Nikafunga safari.

Kuanzia Lusahunga basi letu lilikuwa nyuma ya malori yaendayo mpaka wa Rusumo, na kila mlima yalitupulizia moshi mweusi. Abiria wenzangu wakafunga madirisha. Langu nililiacha wazi kwa ubishi, nikakohoa mpaka Nyakahura. Benaco nilipanda gari jingine la kwenda Ngara mjini.

Saa tisa alasiri Fidelis, dereva wa pikapu, alinipokea Mabawe na kunipeleka kwake. Tukala maharage na ndizi huku akinieleza. Kila kaya ya kikundi hiki ina deni moja tu: mtu akiugua, mnambeba kwenye ingobyi, ile machela yao ya kusuka, awe rafiki au adui. Miaka michache iliyopita wakachanga, wakanunua pikapu iliyotumika ifanye kazi hiyo. Wakachagua dizeli kwa sababu ya milima.

"Tangu ije, hakuna mama aliyejifungulia njiani," Fidelis alisema. "Lakini Bibi ana pumu. Wiki iliyopita alibanwa, akakataa kabisa kupanda. Akasema bora ingobyi. Wakambeba mwendo wa saa mbili mpaka kliniki, na mimi nimekaa hapa na funguo mkononi."

Alisema hayo akiangalia sahani yake.

Jumapili, misa ilipokwisha, tulikaa nje ya kanisa. Nilimsalimia Bibi, "Shikamoo," akaitika "Marahaba, fundi," kwa sauti nyembamba inayopiga mluzi kifuani. Mwalimu mmoja alianza: huko tuendako magari ni ya umeme, tuuze hii kabla haijakosa mnunuzi. Mzee mmoja mkulima akamgeukia.

"Mwalimu, umeme wenyewe umekatika tangu juzi. Mkwe wangu mimba imetimia. Akishikwa uchungu, tumwambie asubiri urudi?"

Watu wakacheka, hata mwalimu. Nikaona uwanja ni wangu. Nikasimama nikazungumzia nguvu ya dizeli mlimani, uchache wa mafuta inayoyatumia, na moshi nikausingizia uzee wa gari na ubaya wa barabara. Nilisema vizuri, mpaka Bibi aliponyanyua mkono.

"Fundi, pikapu hii ilikuja kwetu na moshi huu?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Haikuja nao. Miaka miwili kabla, Fidelis aliniletea imeishiwa nguvu kwa sababu chujio la masizi, lile linalokaa kwenye bomba la moshi, lilikuwa limeziba. Safari zake ni fupi na za polepole, halikupata joto la kuyaunguza masizi. Kulisafisha ni kazi ya siku mbili. Mimi nililipasua, nikatoa vya ndani, nikachomelea ganda tupu, nikaidanganya kompyuta ya gari ione chujio bado lipo. Fidelis aliondoka siku ileile akinisifu. Nilijua moshi utaingia vifuani mwa watu, nikanyamaza.

Nikawaambia hivyohivyo. Nilitaka ardhi inimeze.

Hakuna aliyenitukana. Wana sheria yao: anayeharibu machela, hata hii ya magurudumu, humbeba mgonjwa anayefuata, tena mbele, upande wa kichwa. Na Bibi alikuwa na kliniki kesho yake.

"Si wewe Msukuma umekulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe?" aliniuliza. "Basi kesho ng'ombe ni wewe."

Jumatatu asubuhi tulimwinua watu wanne. Kufika mlima wa kwanza bega langu lilikuwa linawaka, na pumzi za Bibi nilizisikia sikioni. Tulipofika katikati ya mlima, honi ikapigwa nyuma yetu. Ilikuwa pikapu, na ndani yake yule mkwe wa mzee, uchungu umemshika. Tukajibana pembeni. Fidelis hakuweza kupunguza mwendo, na kwa haki. Moshi ukatufunika. Mikono yangu ilikuwa kwenye mti wa ingobyi, sikuweza hata kuziba pua. Bibi akaanza kukohoa, kikohozi kisichomwachia nafasi ya kuvuta hewa, na nilichoweza kufanya ni kusimama nimemshika. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Tukamshusha, akavuta dawa yake ya pumu, tukamngoja mpaka akaweza kusema "twende".

Tulipofika kliniki, yule mama alikuwa amejifungua salama. Asingefika kwa ingobyi.

Jumanne nilimpigia mwenzangu wa karakana. Akatuma kwa basi chujio zima la pikapu ya aina hiyohiyo iliyoanguka ikafa. Jumatano nililifunga, nikairudisha kompyuta kwenye ukweli. Nilimwambia Fidelis kila wiki aipeleke lami aikimbize, masizi yaungue. Kikundi kilimwambia mwalimu aendelee kuulizia ya umeme. Hii wataiuza siku watakapoipata hiyo.

Bibi alikuja taratibu, akasimama nyuma ya bomba muda mrefu, akinusa.

"Bado inanuka," alisema. "Ila nitapanda. Mimi mbele. Wewe utalala nyuma, wanapolala wagonjwa."

Nikalala chali kwenye bati mpaka Ngara mjini. Nilikohoa mara mbili tu.

Njiani kurudi niliwaza kwamba wenye hoja pale kanisani walikuwa wawili, anayehitaji gari lifike na anayevuta moshi wake. Kwa miaka yote nimemsikiliza wa kwanza, kwa kuwa ndiye anayekuja karakana.

Alhamisi mteja aliniletea gari, chujio limeziba.

"Pasua tu, kama kawaida yako," alisema.

Nikamwambia nitalisafisha, arudi Jumamosi. Akacheka, akageuza gari kwenda kwa fundi wa jirani. Nilimtazama akiondoka, huku nikijikanda bega.